Stendi ya mashine ya kukereza: nafasi hulipwa kwa uzito

Sensa ya 2019 ilipata watu 957 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii, na 675 katika Nyamira. Takwimu hizo hutajwa sana pakizungumzwa mashamba yaliyogawanywa hadi yakabaki vipande. Seremala huzisoma ndani ya karakana yake. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, pale Daraja Mbili au Keroka, tayari kina benchi, mbao zilizoegemezwa ukutani na kitanda kinachosubiri vanishi. Ikiingia mashine ndogo ya kukereza ya kutoa miguu ya stuli, vishikio na mabakuli, swali la kwanza ni itasimama wapi.

Mafundi wa pwani waliokereza matendegu ya vitanda walilijibu swali hilo zamani kwa keezo la upinde. Lilikaa chini, fundi naye akakaa chini, na ardhi ndiyo ikawa stendi. Mota ya umeme haikubali hivyo. Inazunguka kwa kasi, fundi anafanya kazi akiwa wima, na mhimili wa mashine unapaswa kufika usawa wa kiwiko chake. Ukiwa chini zaidi, mgongo unaumia kabla ya saa sita. Ukiwa juu zaidi, mabega yanachoka na patasi inapoteza utulivu. Kwa hiyo chuma cha kilo arobaini kinapandishwa karibu mita moja kutoka sakafuni, halafu kinaambiwa kisitikisike.

Mtikisiko huo unapimika. Chukua kipande cha mti cha kilo 2 ambacho hakijawa duara kamili, kitovu chake cha uzito kikiwa milimita 5 nje ya mhimili. Kwa mizunguko 500 kwa dakika, kinaivuta mashine kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 3. Kwa mizunguko 1,000, nguvu hiyo inafika kilo 11. Kwa 1,440, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya mota ya nguzo nne kwenye umeme wetu wa hezi 50, inafika kilo 23, na inazunguka pande zote mara 24 kila sekunde. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kazi mbichi huanza polepole: puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 15 kwenye mhimili huishusha kasi hadi 480.

Muhimu zaidi kwa mjenzi wa stendi ni upande ambao nguvu hiyo inaelekea. Haivuti kwa urefu wa mashine. Inavuta juu na chini, mbele na nyuma. Ukitaka kuokoa nafasi, basi, punguza urefu wa stendi bila woga: miguu inaweza kuanzia moja kwa moja chini ya kichwa cha mashine na kuishia kabla ya mkia. Upana wa kutoka mbele kwenda nyuma ndio unaozuia mashine isianguke, na huo ndio mafundi wengi hukimbilia kuukata ili kusogea karibu na ukuta.

Tuseme mashine na stendi tupu vina kilo 70, na kitovu cha uzito kiko sentimita 80 juu ya sakafu. Miguu ikiwa imeachana kwa sentimita 60, stendi itapinduka ikiinamishwa karibu nyuzi 21. Ukiibana hadi sentimita 40, inapinduka kwenye nyuzi 14. Sasa funga sanduku chini ya stendi, sentimita 60 kwa 30 kwa 15, ulijaze mchanga mkavu. Hapo umeongeza kama kilo 43. Kitovu cha uzito kinashuka hadi sentimita 55 hivi, na stendi ile nyembamba ya sentimita 40 inastahimili hadi nyuzi 20. Sanduku moja la mchanga limerudisha karibu uthabiti wote wa stendi pana, na sentimita 20 za sakafu zimebaki kwa fundi.

Mchanga una faida ya pili: chembe zake husuguana na kumeza mtetemo. Sharti uwe mkavu kabisa. Katika ukanda huu wenye mvua nyingi, mchanga wa mtoni usioanikwa vizuri utaozesha ubao na kutia chuma kutu, kwa hiyo sanduku litandikwe nailoni nzito na lifunikwe. Aliye karibu na Tabaka anaweza kutumia masalio ya mawe ya sabuni. Jiwe zima ni zito kuliko mchanga wa ujazo uleule, lakini vipande visivyobanwa vitagongana, kwa hiyo mianya yake ijazwe mchanga.

Mota nayo ishushwe. Badala ya kuifunga nyuma ya mashine, ambako inakula nafasi, ifungwe chini kwenye ubao wenye bawaba. Uzito wake wenyewe utaukaza mkanda, na hutahitaji kifaa kingine cha kuuvuta. Mkanda uzibwe kwa kifuniko cha bati, kwa sababu unapita karibu na magoti. Swichi ikae mbele, upande wa mkia, mahali ambapo mkono unaifikia bila kupita juu ya mti unaozunguka.

Miguu yenyewe iwe na umbo la A ikitazamwa kutoka ubavuni, myembamba juu na iliyopanuka chini, na ikazwe kwa mihimili ya mshazari. Mkaratusi mkavu unafaa kwa uzito na ugumu wake. Ukiwa mbichi utapinda na kupasuka, na viungo vilivyokazwa leo vitalegea baada ya miezi michache. Anayechomelea bomba la mraba asiliache tupu. Alijaze mchanga kabla ya kuziba ncha, la sivyo chuma kitaimba mota ikiwashwa.

Je, miguu iwe mitatu au minne? Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, na sakafu za vibanda vilivyojengwa kwenye miteremko ya Kisii mara nyingi ni mbovu. Lakini pembetatu inanyang'anya upana uleule tuliokwisha kuupunguza. Afadhali minne, mmoja ukiwa na bolti ya kurefusha na kufupisha.

Karakana nyingi hutoa kazi nje asubuhi na kuzifungia ndani jioni. Stendi ya kilo 113 haibebwi, na ikiwekwa juu ya magurudumu manne itatembea yenyewe kazini. Funga magurudumu mawili upande wa kichwa cha mashine, yakiwa milimita chache juu ya sakafu. Ukiinua upande wa mkia kwa mpini mrefu, yanagusa chini na stendi inasukumwa kama toroli. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito iko upande wa magurudumu, mikono inabeba takriban robo tu: kilo 28 hivi, iwapo kitovu cha uzito kiko sentimita 30 kutoka kwenye gurudumu na mpini uko sentimita 120.

Kabla ya kuanza kazi, weka bakuli la maji juu ya kitanda cha mashine na upandishe kasi hatua kwa hatua. Maji yakichafuka kwenye kasi fulani kisha yakatulia ikipita, hiyo ndiyo kasi ambayo stendi inatetemeka pamoja na mota. Ongeza mhimili wa mshazari, au uiepuke kasi hiyo.

Stendi hii inatosha kwa miguu ya stuli, vishikio na mabakuli madogo. Anayetaka kukereza magogo mapana aipige bolti kwenye zege, na hapo atakuwa ameamua kwamba mashine ndiyo mwenye chumba na benchi ndilo litakalotoka nje.