Baiskeli Ndani ya Fremu

Katika Barabara ya Kenyatta, Shangani, kuna duka la picha ambalo kuta zake zimefunikwa na Unguja ya zamani. Ni Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye ikashikwa na mwanawe, Rohit. Mgeni akiingia hutafuta majahazi, milango ya nakshi na masultani, na picha hizo zinastahili sifa zake. Lakini mkono wa fundi naouona vizuri zaidi ni katika zile picha ambazo mnunuzi huzipita: barabara mchana, mwanamume wa kanzu anayekwenda zake, baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Hakuna lililotokea. Ni mji tu, unaendelea na shughuli zake.

Kupiga picha ya namna hiyo ni kazi, na kuisoma ni kazi pia. Zote mbili zinataka subira.

Oza alijifunza kazi katika studio ya A. C. Gomes, mmoja wa wapiga picha Wagoa walioijaza dunia kadi za posta za Zanzibar kabla yake. Wapiga picha wa kizazi hicho walibeba kamera kubwa ya miguu mitatu na vioo vilivyopakwa dawa. Vioo vile havikuwa vyepesi kushika mwanga, hivyo aliyetaka kuonekana alitakiwa atulie, na aliyetembea aliacha ukungu, au hakuacha kitu. Ndiyo maana baadhi ya mitaa katika kadi za zamani inaonekana kama imehamwa, na watu waliomo wamesimama wima wakiikodolea kamera macho. Chini yake huandikwa kabila au kazi ya mtu, mara chache jina. Msomaji asidhani kwamba Unguja ya wakati ule ilikuwa kimya. Kilichokuwa kizito ni chombo.

Filamu za roli zilipoenea, na kamera ikawa kitu cha kuning'inia shingoni, mpita njia alipata ruhusa ya kupita. Lakini mpiga picha alipata mtihani mpya: anyanyue kamera lini? Huko Ulaya, Henri Cartier-Bresson alijipatia sifa kwa kuinasa nukta ambayo mwili wa mtu, ukuta na kivuli vinapatana. Katika Mji Mkongwe nukta hiyo ina sharti lake la ziada, nalo ni mwanga. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu. Kwa sehemu kubwa ya siku upande mmoja wa njia unawaka chokaa na upande wa pili ni giza la bluu. Filamu haiwezi kuzitendea haki pande zote mbili. Ukiupimia ukuta mweupe, mzee aliyekaa kwenye baraza ya kivulini anakuwa doa jeusi. Ukimpimia mzee, ukuta unaungua na kubaki karatasi tupu. Fundi hachagui kwa kubahatisha. Huingoja saa ambayo ukuta wa pili unarudisha mwanga kidogo usoni mwa mzee, kisha huchagua pembe, huacha nafasi mbele yake, na kungoja mtu wa kuijaza.

Nafasi hiyo ndiyo ninayoisifu kuliko yote. Katika picha nzuri ya mtaani utaona kwamba mpiga picha ameshaandaa kila kitu isipokuwa mgeni wake. Mistari ya roshani imekaa sawa, kizingiti cha mlango kimepata mahali pake, kivuli kimekatika panapotakiwa. Kisha anatokea mvulana na kikapu, au hamali na gari lake, na picha inakamilika kwa mtu ambaye hakualikwa. Filamu ya roli ilikuwa na fremu 12, au 36 kwa kamera ndogo, na kila moja ilikuwa na gharama yake, ya kununua na ya kusafisha. Hakukuwa na kupiga 200 na kuchagua moja usiku.

Sasa tuje kwa msomaji. Picha isiyo na tarehe haina haja ya kubaki bila tarehe. Anza na mwanga wenyewe. Zanzibar iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi hupita kusini ya utosi na kivuli huelekea kaskazini. Miezi iliyobaki mambo hugeuka. Mwezi wa Juni, adhuhuri, kivuli cha mtu huzidi nusu ya kimo chake. Desemba ni kama theluthi tu. Mwenye kuujua mtaa unaelekea wapi anaweza kuukisia msimu kwa kuangalia miguu ya wapitao.

Halafu tazama bahari, ikiwa inaonekana. Zikiwa bandarini jahazi kubwa za Arabuni na Ghuba zimejazana, umo katika msimu wa kaskazi, kwani zilishuka na upepo huo na kusubiri kusi kurudi kwao. Tazama Beit al-Ajaib. Nyumba hiyo, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, inaelekea bahari ya machweo. Sura yake ikiwa inang'aa kwa jua, kwa kawaida ni alasiri. Mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba, picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Waingereza ziliupiga mji. Mnara ukiwa umeshikana na jumba, ni ya baadaye. Reli ikikatiza Malindi, ni enzi ya treni ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905 na kukoma mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukiiona bustani ya Forodhani, umeshavuka katikati ya miaka ya 1930. Na tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, kila picha ya pwani ile imepata kabla na baada nyingine.

Hayo ni ya mawe. Ya watu ni magumu zaidi, na ni matamu zaidi. Tazama macho: anayekuangalia alijua kuna kamera, na namna anavyoangalia inasema alimwonaje mwenye kamera. Anayeangalia pembeni huenda hakujali, huenda alikataa kwa adabu. Oza alikuwa na duka katika mji huohuo. Watu waliopita mbele ya kamera yake huenda walipita mbele ya mlango wake pia, wengine wakaingia kupigwa picha za harusi na za pasipoti. Hilo lazima likumbukwe mtu anapoisoma hali ya utulivu katika picha zake. Mwenyeji huvumiliwa kwa mambo ambayo mpita njia hawezi kuvumiliwa.

Kisha kuna vitu. Mtafiti Pamila Gupta ameandika makala nzima kuhusu baiskeli katika picha za Oza za miaka ya 1950. Mtu anaweza kuuliza, baiskeli ina nini cha kuandikiwa? Ina mengi. Inaonyesha nani alikuwa na haraka, nani alikuwa na kazi ya mshahara, njia ipi ilipitika na ipi haikupitika, nani alimpakia nani. Miaka michache baadaye yalikuja Mapinduzi ya Januari 1964, na wengi wa waliokuwa wakipita katika mitaa hiyo walitawanyika, wengine Dar es Salaam, wengine Muscat, wengine London. Baiskeli iliyoegeshwa ukutani mwaka 1955 haikujua lolote la hayo, na kutojua kwake ndiko kunakoifanya iaminike.

Wasomaji hodari wa picha hizi si lazima wawe maprofesa. Mpe picha ya zamani ya mtaa mzee wa Malindi au Mkunazini, kisha kaa pembeni. Ataanza na duka: lilikuwa la nani, liliuza nini, lilihama lini. Atafika kwenye mlango, kisha kwa mtu, ambaye atamtambua kwa mwendo hata kama amegeuka. Wa pili atapinga, wa tatu ataleta ushahidi wa harusi fulani. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinatunza picha nyingi za kale, lakini mazungumzo ya namna hiyo hayatunziki yasipoandikwa, na wanaoyajua wanapungua.

Ndiyo maana najiuliza kuhusu wapiga picha wetu wa leo. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo soko linataka mji wa kale usio na doa. Kijana mwenye kamera nzuri husubiri Vespa ipite ndipo apige. Hukwepa nyaya za umeme, tangi la plastiki la maji, bango la kampuni ya simu, bodaboda anayesubiri abiria. Anachobaki nacho ni mlango, chokaa na bibi mwenye buibui, picha ambayo mtu wa mwaka 2090 hataweza kuisoma, kwa sababu haina pa kushikia. Oza angeweza kuisukuma baiskeli nje ya fremu. Hatua mbili kulia zingetosha. Hakuisukuma. Kwa hiyo ombi langu kwa vijana hao ni dogo: pigeni mlango, ni mzuri, lakini Vespa iacheni ipite ndani ya picha, na nyuma yake andikeni mtaa na tarehe.