Ukumbusho wa Wenzi Waliokufa: Uhakiki wa Vocabulaire ya Elisabethville na Picha za Tshibumba

1.0 Utangulizi

Mtu afapo katika miji ya Katanga, ndugu zake ndio wenye kilio. Wao ndio wanaokesha, wanaopokea rambirambi, na wanaolitunza jina la marehemu. Lakini miji hiyo haikujengwa na ndugu. Reli iliyotoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Kwa njia hiyo waliingia watu wa makabila na lugha nyingi ambao walifahamiana kwa sababu ya kazi tu: wachimbaji, watu wa reli, wapishi na maboi. Waliishi pamoja miaka mingi, na wengi wao walifia mbali na watu wa ukoo wao. Hapo ndipo linapozuka swali: rafiki asiye ndugu hukumbukwa na nani, na kwa njia gani?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuhakiki kazi mbili zilizotungwa Lubumbashi. Ya kwanza ni Vocabulaire de ville de Elisabethville, maandishi ya mwaka 1965 yaliyokusanywa na André Yav kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Ya pili ni picha za historia alizozichora Tshibumba Kanda Matulu mwaka 1973 na 1974. Hoja ya makala ni kwamba kazi zote mbili ni namna ya kilio kilichofanywa na wenzi kwa ajili ya wenzi wao, na kwamba kila moja ina upungufu ambao nyingine inausaidia.

2.0 Neno "ukumbusho"

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Watu wa Lubumbashi waliita picha za aina ya Tshibumba kwa jina la ukumbusho. Kimofolojia, nomino hii haitokani na kukumbuka, bali na kukumbusha, kitenzi chenye kauli ya kusababisha. Kumbukumbu yaweza kukaa kimya ndani ya moyo wa mtu mmoja. Ukumbusho haukamiliki mpaka uwe umemfikia mtu wa pili na kumfanya akumbuke. Kwa hiyo kazi ya ukumbusho haipimwi kwa uzuri wa umbo peke yake. Inapimwa pia kwa kile inachokiamsha kwa hadhira. Kipimo hicho ndicho kitakachotumika hapa.

3.0 Vocabulaire: wenzi wanapogeuzwa kuwa mababu

Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha Vocabulaire pamoja na tafsiri ya Kiingereza, akaiita historia itokayo chini. Tangu hapo imesomwa zaidi kama ushahidi wa historia ya wanyonge, au kama mfano wa Kiswahili cha Katanga kinapoandikwa na watu wasiofundishwa kukiandika. Masomo hayo mawili yana haki yake. Hata hivyo, yanaacha pembeni jambo moja: waandishi walikuwa chama. Hawakuwa ukoo wala kabila, wala hawakuwa wanahistoria. Walikuwa wazee waliounganishwa na kazi waliyoifanya katika nyumba na jikoni za Wazungu, na wengi waliowatangulia katika kazi hiyo walikuwa wamekwisha kufa.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika neno bankambo, ambalo matini hulitumia kwa watumishi wa kwanza. Katika Kiswahili cha Katanga, nkambo ni babu au bibi, na kiambishi ba- kinashika nafasi ya wa- ya Kiswahili sanifu. Boi wa mwaka 1910 hakuwa nkambo wa boi wa mwaka 1950 kwa damu. Kumwita hivyo ni kumfanyia udugu baada ya kufa kwake. Chama kinawatwaa marehemu wasiokuwa na mtu wa kuwalilia na kuwapa wajukuu. Kwa neno hilo moja, watu wasio ndugu wanapata haki ya kufanya kilio.

Upungufu wa Vocabulaire unatoka mahali hapo hapo. Majina ya mabwana, ya kuzaliwa na ya kupachikwa, yanajitokeza kwa wingi, ilhali watumishi hutajwa zaidi kwa jina lao la pamoja. Msomaji aweza kushangaa: inakuwaje kilio cha maboi kitaje mabwana? Jibu moja ni kwamba kwa mtumishi bwana alikuwa kalenda. Miaka ilihesabiwa kwa kufuata nyumba aliyoitumikia mtu, na safari alizosafiri nyuma ya nani. Jibu hili linaeleza sababu, lakini haliondoi hasara. Mjukuu wa leo anayemtafuta nkambo wake katika kurasa hizo atakuta njia aliyoipita, njaa aliyoiona na mshahara uliomhuzunisha. Jina lake huenda asilikute.

4.0 Tshibumba: marehemu mwenye jina na uso

Tshibumba alizaliwa Elisabethville mwaka 1947, naye aliishi kwa kuuza picha ambazo watu walizitundika sebuleni. Kwa ombi la Fabian alichora mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi, na mazungumzo yao kuhusu picha hizo yakanaswa kwenye kanda. Hapa marehemu anarudishiwa jina na uso. Mfano bora ni picha ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, uliokomeshwa kwa risasi katika uwanja wa mpira tarehe 9 Desemba 1941. Tshibumba, akifuata masimulizi ya mjini, anamweka mbele Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, akiuawa na Gavana Maron. Vivyo hivyo katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961: maiti tatu zimelala chini, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu.

Picha hii ya pili inahitaji kutazamwa kwa makini. Watu hao watatu hawakuachiwa kaburi. Miili yao iliharibiwa kwa asidi ili pasiwe na mahali pa kwenda kuwalilia. Mchoraji anaisimamisha misalaba mahali pasipo na kaburi. Kwa muda mrefu nakala za picha za namna hii, katika sebule za watu wa kawaida, zilikuwa karibu na kaburi kuliko kitu kingine chochote. Mabaki pekee ya Lumumba, jino moja, yalirudishwa na Ubelgiji Juni 2022 na kuzikwa Kinshasa mwezi huo huo. Basi ukumbusho wa mchoraji ulitangulia mazishi kwa takriban miaka hamsini.

Hata hivyo, njia hii nayo ina hatari yake. Jina la Mpoyi linapong'aa, waliokufa pamoja naye uwanjani wanabaki kuwa umati, miili iliyochorwa kwa mistari michache. Shujaa anapata uso, rafiki zake wanakuwa mandhari. Hapo Vocabulaire inarudi kuwa ya lazima, kwa sababu bankambo, ingawa ni jina la pamoja, halimwachi nje hata mmoja.

5.0 Aliyekumbusha, naye akumbukwe

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka. Mwisho wake haukujulikana, wala kaburi lake halijulikani. Mtu aliyewasimamishia wengine misalaba amebaki bila msalaba. Picha zake 101 zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023, na maandishi ya mazungumzo yake yanasomeka kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza leo kuyasoma maneno yake yakiwa katika Kiswahili cha mtaani kwake, na kukutana na mtu aliyetoweka kabla mwanafunzi huyo hajazaliwa. Huo nao ni urafiki wa aina yake, unaojengwa na maneno peke yake.

Vocabulaire ina somo linalofanana na hilo. Maneno yake yamekatwa na kuunganishwa kinyume cha kawaida, hata msomaji wa kimya hupotea njiani. Ili matini ieleweke, ilibidi Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, aisome kwa sauti na kurekodiwa. Sauti ilipoingia, sentensi zilizokuwa zimefungwa zikafunguka. Tukio hili lisichukuliwe kuwa mbinu ya uhariri tu. Wazee wa chama waliandika kama wanaosema, na maandishi yao yanangoja kinywa cha mtu aliye hai. Anayeyasoma kwa sauti anaingia katika kilio chao, apende asipende.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Vocabulaire na picha za Tshibumba zinajibu haja moja: kuwalilia wenzi ambao ukoo haukuwafikia. Moja inawakusanya wote chini ya jina la udugu, nyingine inamtoa mmoja mmoja na kumpa uso. Ukumbusho kamili unahitaji yote mawili.

Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao mwanahistoria Dibwe dia Mwembu ni mmoja wa viongozi wake, umekusanya masimulizi ya wakazi wa mji. Kazi hiyo inastahili kupanuliwa hadi Sakania, mahali reli ilipoingilia nchini, na hasa kwenye madaftari ya vyama vya kusaidiana. Katika madaftari ya namna hiyo huandikwa nani ametoa mchango wa msiba na umetolewa kwa ajili ya kifo cha nani. Mtu akiyapuuza, ataona hesabu tu. Akiyasoma kwa sauti, jina baada ya jina, atasikia kile ambacho wazee wa mwaka 1965 hawakuwahi kukikamilisha.