Mkato na Mdundo

Anayeanza kuhariri video kwa programu huria hupewa pole kwa jambo lisilostahili pole. Wanaomwona ameinamia Kdenlive au Shotcut, mbele ya kioo kilichojaa vitufe, mistari na vidirisha, hudhani vitufe ndivyo vinavyomtesa. Vitufe huzoeleka. Kazi iko kwenye kuamua picha ipi ibaki na ipi itupwe, na kwa uamuzi huo mwanafunzi wa Bariadi, Maswa au Meatu hafiki mikono mitupu. Mkoa wa Simiyu ulimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, lakini muda mrefu kabla ya hapo, kabla hata ya kamera kufika Usukumani, watu wa huku walikuwa na shule yao ya kupima kinachostahili kutazamwa: mashindano ya Bagika na Bagalu.

Utaratibu wake ni mkali kuliko wa tamasha lolote la filamu. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma husimama kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake na, kama wenyewe wanavyosema, na dawa zake. Mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Asiyeridhika huondoka akaenda upande wa pili, na uwanja mzima unaona. Ndiyo maana wachezaji walibuni vya kuyateka macho: nyoka wanaochezwa mikononi, majembe yanayorushwa juu na kudakwa katika ngoma ya bugobogobo, vituko vya kuchekesha pale ngoma inapoanza kupoa. Mtu aliyekulia kando ya uwanja huo anaijua ile dakika ambayo umati unaanza kuchoka, ingawa hajawahi kuombwa aieleze. Ujuzi wa namna hiyo hakuna programu inayoufundisha, iwe ya bure au ya kununua. Programu humpa mikono tu.

Lakini mikono nayo ina elimu yake. Chukua mfano wa bugobogobo iliyorekodiwa kwa simu mbili kutoka pande mbili. Anayeanza hupanga vipande kwenye mstari wa muda, akaona jembe limerushwa vizuri, akakata, akaunganisha na kipande cha simu ya pili. Picha inapendeza, ngoma imevunjika: mdundo umeruka katikati ya pigo, na sikio la Msukuma halisamehe. Hapo ndipo anapogundua kwamba sauti na picha zinaweza kuachana. Huchagua sauti ya simu moja, huilaza chini kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuigusa, kisha picha zote hupandishwa juu yake na kulazimishwa kuifuata. Katika Shotcut herufi X hufuta kipande na kuvuta vyote vinavyofuata vizibe pengo, na Z hufuta na kuliacha pengo wazi. Kwa mgeni tofauti hiyo ni ndogo hadi siku atakapobonyeza X na wachezaji wote wa mbele wakaanza kukanyaga nje ya ngoma. Akishaelewa, hutafuta mkato wenyewe ndani ya kitendo: jembe liondoke mkononi katika picha ya kwanza, lidakwe katika ya pili, na mtazamaji asijue kwamba amehamishwa upande wa uwanja. Mengine yote hutupwa, hata yaliyo mazuri, kama mkulima wa pamba anavyong'oa miche yenye afya ili shimo libaki na miwili.

Kwa nini basi programu huria, na si nyingine yoyote? Jibu la haraka ni bei, na bei si jambo dogo. Lakini bure na huria ni vitu viwili. DaVinci Resolve ina toleo la bure, ila huwezi kuona ilivyoundwa ndani, na hudai kompyuta yenye nguvu ambayo vijana wengi hawana. Kdenlive ilianzishwa na Jason Wood mwaka 2002 na imeendelea kukua mikononi mwa watu wengine, kwa sababu leseni yake inamruhusu yeyote kuifungua, kuirekebisha na kuigawa. Anayeipata anaweza kumwekea mwenzake kwenye flashi bila kuvunja sheria na bila kumaliza bando la mtu. Video ikiwa nzito kwa kompyuta ndogo, programu hutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, kisha hurudi kwenye zile halisi wakati wa kutoa kazi kamili. La maana zaidi kwa anayeanza ni kwamba faili la mradi ni maandishi matupu: chukua kipande hiki, anzia hapa, ishia pale. Video ya asili haijaguswa hata fremu moja. Anayelijua hilo hukata bila woga, na bila kuthubutu kukata hakuna uhariri.

Watasema simu inatosha: programu za simu huunganisha vipande, huweka muziki na manjonjo, na kazi huisha kabla chai haijapoa. Ni kweli, na kwa salamu za sikukuu sioni haja ya zaidi. Ila programu ya namna hiyo huja imeshaamua mengi, na iliyoyaamua haijawahi kusikia ngoma ya Kisukuma. Wengine watasema wenye kazi zao hutumia Adobe Premiere. Wengi hapa kwetu hutumia nakala zilizokrekiwa, zinazokuja na virusi na kumfanya fundi aanze kazi yake kwa wizi. Kwamba programu huria wakati mwingine huganda katikati ya kazi, sibishi. Dawa yake ni kuhifadhi kila mara. Na lugha? Vitufe vingi ni vya Kiingereza, kikwazo cha kweli. Lakini mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bila kumpigia magoti mwenye mali, kwa kuwa leseni ilikuwa imekwisha kuruhusu. Mlango huo bado uko wazi.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wapenda ngoma. Ngoma ni mwili mzima kwenye uwanja mzima, na kuikata vipande ni kuiua. Fred Astaire, mchezaji mashuhuri wa filamu za Marekani, alishikilia kwamba kamera imwonyeshe kuanzia kichwani hadi miguuni, na mikato iwe michache iwezekanavyo. Alikuwa na haki. Mikato mingi katika video za ngoma huficha uvivu wa mpiga picha au woga wa mhariri, na anayeanza ndiye mkosaji mkubwa, maana amepata kisu kipya na anataka kukata kila kitu. Ila mashindano ya Bagika na Bagalu hayajawahi kuwa na jicho moja. Mtazamaji huzunguka, hugeuka, huhama. Picha moja ndefu ya kamera iliyosimama upande wa Bagika huwa imeshawapendelea Bagika, hata kama haina mkato wowote. Na kwa kuwa mradi ni maagizo tu juu ya video isiyoguswa, vipande vilevile vinaweza kuhaririwa na shabiki wa kila upande, kila mmoja na faili lake. Video zote mbili ziwekwe hadharani Bariadi, kwenye vioo viwili vilivyosimama jirani, saa ileile, watu wachague pa kusimama.