Safari Isiyo na Adui: Mhusika Mwovu na Kitisho katika Michezo ya Bustani za Burudani

Utangulizi

Ngano ya zimwi huwa na nguzo mbili: zimwi lenyewe, na mahali zimwi linaposhindwa. Mtoto aisikilizaye usiku huogopa, husogea karibu na bibi yake na kujifunika kwa leso, lakini hamwombi bibi anyamaze. Hofu yake ina mipaka, kwa sababu anajua kwamba hadithi ina mwisho na kwamba msimulizi yuko hapo karibu. Kwa hiyo swali la kama kitisho kinafaa katika sanaa ya watoto si geni katika uhakiki wa fasihi simulizi. Lililo geni ni kwamba sasa linaulizwa kuhusu fani ambayo wahakiki wa fasihi aghalabu huipuuza.

Fani hiyo ni safari za mchezo zijengwazo katika bustani kubwa za burudani, hasa zile za kampuni ya Disney nchini Marekani. Bustani ya kwanza ya kampuni hiyo, Disneyland, ilifunguliwa California mwaka 1955. Ya Florida, Walt Disney World, ilifunguliwa mwaka 1971. Katika safari ya namna hii mtazamaji huketi ndani ya mashua au kigari, akapitishwa mbele ya sanamu zinazotikisika, kusema na kuimba. Ni tamthilia ambayo jukwaa lake limetulia na hadhira ndiyo itembeayo. Kwa kuwa inasimulia hadithi, yapasa ihakikiwe kama hadithi.

Katika miaka ya karibuni wahusika waovu wamekuwa wakipunguzwa katika baadhi ya safari hizo, au kuachwa kabisa. Makala haya yanashikilia kwamba kumwondoa mhusika mwovu hakuondoi hofu, bali huondoa maana ya hofu. Hata hivyo, si kila kitisho kinastahili kutetewa, na mfano wa kwanza utaonyesha kwa nini.

Ajuza wa Snow White

Miongoni mwa safari zilizofunguliwa Disneyland mwaka 1955 ni ile iliyotokana na filamu ya Snow White ya mwaka 1937. Wabunifu wake walichukua hatua ya kijasiri: Snow White mwenyewe hakuonekana. Mtazamaji ndiye aliyekusudiwa kuwa Snow White, na ajuza mchawi mwenye tofaa la sumu alimtokea yeye. Kwa istilahi za uhakiki, hii ilikuwa masimulizi ya nafsi ya pili. Lakini wageni wengi hawakuitambua nia hiyo, wakawa wanauliza msichana mwenyewe yuko wapi. Kilichobaki machoni pao kilikuwa msitu wenye giza na ajuza anayerudi tena na tena.

Mwaka 1983 safari hiyo ilijengwa upya. Snow White akatiwa ndani, na jina jipya likasema wazi kwamba visa hivi ni vya kutisha. Jina likawa onyo mlangoni. Ya Florida, ambayo nayo ilianza bila Snow White, ilirekebishwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2012. Mwaka 2021 ile ya California ilibadilishwa mara nyingine: neno la kutisha likafutwa katika jina, nafasi ya ajuza ikapunguzwa, na mkazo ukawekwa kwenye kuamka kwa Snow White na furaha ifuatayo.

Mabadiliko haya mawili hayana uzito mmoja. Ya 1983 yalirekebisha kasoro ya muundo, kwani yalimpa mtazamaji mhusika wa kumhurumia na kumtakia ushindi. Ya 2021 yalitengeneza mwisho ulio mzuri zaidi, lakini yakapunguza kinachoufanya mwisho huo uwe mzuri. Usingizi usiotanguliwa na sumu ni usingizi tu, na anayeamka kutoka humo hajaokoka na chochote.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 1995 ilifunguliwa katika bustani ya Florida tamasha iliyoitwa ExtraTERRORestrial Alien Encounter. Watazamaji walifungwa vitini, taa zikazimwa, na dubwana lililotoroka likasikika likipumua shingoni mwao. Ilifungwa mwaka 2003. Dubwana hilo lilishindwa mwishoni, kwa hiyo hadithi haikukosa ufumbuzi. Kasoro ilikuwa katika uhusiano wa fanani na hadhira. Msikilizaji wa ngano akizidiwa huweza kuficha uso. Lakini hapa giza lenyewe ndilo lililokuwa chombo cha kutisha, na kufumba macho hakukumsaidia mtoto chochote. Kitisho kisichomwachia mtoto mahali pa kujificha huvunja mkataba uliopo kati ya msimulizi na msikilizaji.

Sungura na Kichaka cha Miiba

Mfano ulio karibu zaidi na fasihi ya Kiafrika ni safari ya Splash Mountain, iliyofunguliwa Disneyland mwaka 1989. Chanzo chake kilikuwa filamu ya mwaka 1946, Song of the South, nayo ilitokana na hadithi za Uncle Remus zilizochapishwa na Joel Chandler Harris, Mzungu wa Georgia, kuanzia miaka ya 1880. Hadithi zenyewe hazikuwa mali ya Harris. Zilisimuliwa na Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya kusini mwa Marekani, na nyingi zina mizizi barani Afrika. Shujaa wao, Brer Rabbit, yaani Ndugu Sungura, ni jamaa wa karibu wa Sungura wetu: mdogo wa mwili, mkubwa wa hila, na asiyekosa adui mwenye nguvu kumzidi.

Katika safari hiyo Sungura aliondoka nyumbani kwenda kutafuta raha, huku Mbweha na Dubu wakimwinda. Hatimaye alikamatwa. Mashua ilipokuwa ikipanda kuelekea kileleni, tai wawili waliwakejeli abiria, na Sungura alionekana amefungwa mbele ya Mbweha, akimsihi afanye lolote ila asimtupe katika kichaka cha miiba. Papo hapo mashua ikaporomoka kiasi cha futi 50 hadi kichakani. Kumbe kichaka hicho ndicho kwao Sungura, na wanyama wakaimba kumpokea.

Hila hii ya mnyonge kumfundisha mwenye nguvu namna ya kumwua yajulikana pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika hadithi ya sungura na simba iliyomo katika mkusanyo wa Edward Steere wa mwaka 1870, kobe aliyekamatwa humshauri simba amtie matopeni na kumsugua, na kwa ushauri huo huo huokoka. Ubora wa Splash Mountain ulikuwa kwamba mporomoko wa mashua ulikuwa ndio hila yenyewe. Mtazamaji alianguka pamoja na mnyonge, akaogopa pamoja naye, na alipofika chini akatambua kwamba aliyeshindwa ni Mbweha. Kitisho cha mwili na dhamira ya hadithi vilikutana katika tendo moja.

Pamoja na ubora huo, safari hiyo ilibeba mzigo wa filamu iliyoizaa, filamu iliyopamba maisha ya watu weusi katika mashamba ya kusini kana kwamba hayakuwa na uchungu. Wabunifu walijaribu kuutua mzigo huo: Uncle Remus hakutiwa, na sanamu la lami katika kisa cha asili likabadilishwa kuwa mzinga wa nyuki. Hayo hayakutosha. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kwamba safari itabadilishwa, na mwaka 2023 ikafungwa Florida na California. Uamuzi huo unaeleweka. Lakini ubaya uliohukumiwa ulikuwa katika fremu ya filamu, haukuwa katika uadui wa Sungura na Mbweha. Uadui huo ulikuwa sauti ya watumwa wenyewe wakisema juu ya mabwana wao.

Tiana bila Mtu wa Vivuli

Mahali pa Splash Mountain pamechukuliwa na Tiana's Bayou Adventure, iliyofunguliwa Florida na California mwaka 2024. Inatokana na filamu ya mwaka 2009, The Princess and the Frog, ambayo shujaa wake ni Tiana, msichana mweusi wa New Orleans. Safari huanza baada ya filamu kwisha. Tiana anatafuta wanamuziki kwa ajili ya sherehe, anawapata miongoni mwa wanyama wa kinamasi, na Mama Odie, bibi kizee mwenye uwezo wa uganga, huwapunguza abiria wakawa wadogo kama vyura. Mporomoko ni njia ya kuwarudisha katika kimo chao. Dakta Facilier, mhusika mwovu wa filamu, hayumo.

Watetezi husema kwamba hii ni sherehe, na sherehe haihitaji adui. Kimsingi ni kweli. Safari ya "it's a small world", iliyotengenezwa kwa maonyesho ya New York ya 1964 na kuhamishiwa Disneyland mwaka 1966, haina adui, nayo haina dosari kwa hilo, kwani mashua zake hazianguki popote. Tatizo la safari ya Tiana ni kwamba mporomoko umebaki. Mwili wa mtazamaji bado unapandishwa polepole hadi juu na kuachiliwa. Moyo bado unaruka. Lakini hakuna amwindaye, wala hakuna hila inayofumbuliwa chini. Ngoma ya lelemama haiishii kwa wachezaji kutumbukia kisimani.

Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba Facilier ni mtu mweusi afanyaye uganga, na kumweka kama kitisho kungeweza kuwafundisha watoto kuziogopa imani zilizovushwa baharini na Waafrika. Hoja hii yastahili heshima, lakini filamu yenyewe imeijibu. Mama Odie naye yumo katika mapokeo hayo hayo, na ndiye mwenye hekima. Wote wawili wana uwezo. Tofauti yao ni uchaguzi. Kumwacha Mama Odie peke yake kunaufanya uwezo wake kuwa mazingaombwe ya kufurahisha wageni, usio na jambo zito la kutenda.

Tena, Facilier ndiye anayempa Tiana jaribu lake kuu: ampe hirizi, naye apate papo hapo mkahawa alioutolea jasho miaka mingi. Tiana anakataa, na katika kukataa huko ndiko ushujaa wake ulipo. Kampuni ilitaka kumheshimu msichana mweusi kwa kumpa safari yake. Lakini Snow White hata leo anakutana na ajuza, ilhali Tiana hana wa kukutana naye. Shujaa asiyeruhusiwa kujaribiwa hakuheshimiwa kikamilifu.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii yaweza kusemwa kwamba mhusika mwovu ana haki ya kuwako katika safari za watoto kwa masharti matatu. Kwanza, mtoto na mzazi wajue kabla ya kupanda ni kitisho gani kiwangojacho, na hata ndani pawe na mahali pa kujificha. Pili, uovu utokane na tendo la mhusika na uchaguzi wake, wala si rangi, sura au imani ya watu wake. Tatu, kushindwa kwa mwovu kuonekane, na kutokane na akili au uadilifu wa yule aliyekuwa mnyonge.

Splash Mountain ilitimiza sharti la tatu ikalemewa na historia yake. Mrithi wake ameepukana na historia hiyo akaliacha sharti lenyewe. Watumwa waliomsimulia Sungura hawakumwondoa Mbweha katika hadithi zao, ingawa walikuwa na sababu za kutosha za kuchoshwa naye. Walimbakiza ili watoto wao wamwone akidanganywa.