65E4: Kingamwili Inayoikamata Seli T Ikizinduka

Mkanda mweusi tii kwenye kilodaltoni 70! Safu ya pembeni, yenye seli ambazo hazikuchokozwa, ni nyeupe kabisa. Anayehangaika na ishara za seli T anajua ni nadra kiasi gani kupata westani bloti ya namna hii kwa kingamwili ambayo ndiyo kwanza umeifungua, tena kwa kufuata karatasi ya maelekezo bila kubadilisha chochote.

Inaitwa 65E4. Ni kingamwili ya monokloni iliyotokana na sungura, na mtengenezaji wake ni Cell Signaling Technology ya Massachusetts, Marekani. Inaitafuta protini ya ZAP-70, lakini haishiki ZAP-70 yoyote inayopita. Inashika ile tu iliyobandikwa fosfeti kwenye tairosini ya 319, na utamu wote uko hapo.

Seli T inapokutana na kipande cha adui, kimeng'enya Lck hubandika fosfeti kwenye mikia ya kipokezi chake, ukiwemo mnyororo wa zeta. ZAP-70, iliyokuwa imejikunja, huja ikaidaka mikia hiyo, kisha yenyewe hubandikwa fosfeti, 319 ikiwemo. Hapo hukunjuka, ikazigeukia protini za LAT na SLP-76. Kalsiamu inafurika ndani ya seli, na agizo la kutengeneza interlukini-2 linatoka. Hatua za mwanzo huchukua dakika moja au mbili tu. Kikundi cha Arthur Weiss kule San Francisco ndicho kilichoibaini ZAP-70 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1994 wakaelezwa watoto waliozaliwa na kasoro kwenye protini hiyo: seli zao za CD8 karibu hazikuwepo, na za CD4 zilikuwepo lakini ukiziamsha haziitikii. Protini moja! Sasa umepewa kitu kinachokuonyesha imewashwa dakika gani.

Nimeijaribu kwenye Jurkat, zile seli za leukemia ambazo hazikosekani katika maabara za seli T, nikizichokoza kwa OKT3, kingamwili inayokamata CD3. Dakika ya kwanza mkanda umeshafika. Ya pili umekolea. Kufikia ya kumi umeanza kufifia, na kupanda na kushuka kwa ishara nzima kunasomeka kwenye utando mmoja, huku ZAP-70 ya jumla ikiwa sawasawa katika kila safu. Nikaiwekea na mtego: J.CaM1.6, Jurkat zisizo na Lck inayofanya kazi. Kimya safu zote! Kwangu mimi huo ndio ushahidi unaonifanya niiamini, kuliko picha yoyote ya kwenye katalogi.

Na kule kutoka kwa sungura kuna faida yake. OKT3 ni kingamwili ya panya, kwa hiyo kingamwili ya pili inayolenga sungura haina sababu ya kuyashika mabaki ya OKT3 yaliyobaki kwenye sampuli. Utando unabaki safi.

Maziwa ya unga yaweke mbali, kwa sababu kasini nayo imebeba fosfeti. Zuia utando kwa albumini ya ng'ombe. Tia vanadeti unapopasua seli, tena zikiwa kwenye barafu, maana vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti havisubiri. Changanya kwa kipimo cha 1 kwa 1,000, uiache usiku kucha kwenye nyuzi 4. Chupa yenyewe ina gliseroli, kwa hiyo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri haigandi, na huna haja ya kuigawa kwenye vichupa vidogo.

Lipo jambo la kuangalia sana. 65E4 huitambua pia Syk, ndugu wa ZAP-70, ikiwa na fosfeti kwenye tairosini ya 352, na uzito wa Syk unakaribia kulingana na wa ZAP-70. Syk imejaa kwenye seli B. Kwa hiyo ukimimina seli mchanganyiko za damu, mkanda utauona, lakini hutajua ni wa nani. Tenga seli T kwanza. Kwa anayechunguza seli B, sifa hiyohiyo inageuka neema.

Wanaotengeneza seli za CAR-T nao wasiipite, kwa kuwa vipokezi vingi vya CAR hutumia mkia uleule wa zeta, na swali la kwanza huwa lilelile: je, ZAP-70 imewashwa? Kwa fosfeti ya 319 kwenye seli T za binadamu, hii ndiyo nitakayoikimbilia kwanza. Iagize pamoja na kingamwili ya ZAP-70 ya jumla, na usichapishe matokeo ya moja bila ya nyingine.