Sauti Isiyo na Rafu

Ukianza tasnifu kuhusu uanahabari wa Kenya, kuna vitabu viwili hutavikwepa. Kimoja ni Birth of a Nation cha Gerard Loughran, kilichotoka 2010, kuhusu gazeti la Nation. Kingine ni Popular Media in Kenyan History cha George Ogola, cha 2017, ambacho kinachambua safu ya Whispers ya Wahome Mutahi. Ni vitabu vizuri. Loughran alifanya kazi Nation, kwa hivyo anasimulia kama mtu wa nyumbani. Ogola anaonyesha vile kichekesho cha gazetini kilisema siasa wakati wa Moi, enzi ambayo kusema waziwazi kulikuwa hatari.

Sasa visome ukiwa Isiolo. Mwanahabari unayemkuta humo ana dawati Nairobi na anaandika kwa Kiingereza. Mwanahabari wa hapa mjini ni mtangazaji. Yuko Radio Shahidi, Baliti FM au Angaaf, na kazi yake ni sauti. Kwa vitabu hivyo ni kama hayupo.

Si dharau ya waandishi, bana. Mtafiti hufuata kilichohifadhiwa. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa msajili. Ndiyo maana Ogola anaweza kurudi kwa safu ya miaka ya themanini na kuichambua neno kwa neno. Habari zilizosomwa redioni leo asubuhi nani atazirudia?

Na tunachopoteza si kidogo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti kame, Isiolo ikiwemo. Imeandikwa kwa Kiingereza, na hupanga hali kwa hatua: baada ya kawaida kuna "alert", halafu "alarm", halafu dharura. Hebu jaribu kutofautisha hizo mbili za katikati kwa Kiswahili. Tahadhari? Onyo? Hatari? Mtangazaji anayezipeleka kwa Kiborana lazima aamue, maikrofoni ikiwa wazi, na uamuzi wake una uzito. Kuna mfugaji anayesikiliza huku akipima kama auze ng'ombe sasa wakiwa bado na nyama, ama angoje mvua. Neno likiwa jepesi, anangoja. Likiwa zito kupita kiasi, anauza kwa bei ya hasara.

Huo ni utafsiri, uhariri na ushauri kwa pumzi moja. Taarifa ya NDMA utaipata mtandaoni, hata ya miaka iliyopita. Lile neno ambalo mtangazaji alichagua huwezi kulipata.

Kwa hivyo malalamiko yangu yanaenda kwa vyuo vyetu kuliko kwa Loughran na Ogola. Tunamfundisha mwanafunzi wa Isiolo kwamba utafiti ni kunukuu vitabu vilivyopo, kisha tunashangaa akituletea tasnifu nyingine kuhusu magazeti ya Nairobi. Mwambieni aombe ruhusa studio, arekodi matangazo ya ukame kwa miezi sita, ayaandike neno kwa neno, ayaweke kando ya taarifa ya NDMA ya mwezi huohuo, kisha amuulize mtangazaji kwa nini alisema hivi na si vile. Halafu nakala moja ibaki maktabani, ndiyo anayekuja nyuma yake asianzie sufuri.