Punje Asiyoila Jogoo

Mdogo wangu alipohamia Kibaha, hata mapazia hajatundika, alinunua tembe saba. Banda alijengewa na fundi wa mtaani kwa mabanzi na wavu, likainuliwa juu ya nguzo ili kicheche asipate pa kuingilia. Usiku ule ule akanipigia simu. "Dada, nichukue na jogoo au niache?"

Nikamwambia aache. Alishangaa, maana anajua ninavyompenda jogoo.

Wengi wanaoanza kufuga hudhani kuku hatagi mpaka awe na dume. Kuku hutaga tu. Yai hulitengeneza mwenyewe kwa muda wa saa 24 na ushei, jogoo awepo asiwepo. Jogoo huleta mbegu, na yai lisilo na mbegu halitotoi, basi. Likifika kwenye kikaango, lishe ni ile ile. Hata kile kiini cha njano iliyokolea, ambacho watu hukisifu kwamba ndicho cha kienyeji hasa, hutokana na majani na mahindi ya njano aliyokula mama. Tena kwa joto letu la Pwani, yai lisilo na mbegu hudumu zaidi. Lenye mbegu ukilisahau siku mbili tatu kiotani, chini ya kuku anayelalia, uhai huanza kujikusanya ndani yake, kisha ukiliondoa hukatika njiani, na yai linakuwa viza. Mdogo wangu alikuwa bado hajazoea kuokota mayai kila jioni bila kukosa. Nilitaka mkono wake uzoee kwanza.

Nilikuwa na sababu nyingine, na hiyo huniuma hadi leo. Mimi nilianza na mitetea watano na majogoo wawili waliototolewa kiota kimoja. Walikuwa wazuri wote, nikashindwa kuchagua. Haikupita miezi mingi, migongo ya mitetea ikawa imenyonyoka manyoya, ngozi iko wazi. Mmoja alichanwa ubavuni na kucha za jogoo, na asubuhi nikamkuta amekufa chini ya kichanja. Hesabu ambayo mama yeyote wa kijijini anaijua mimi sikuijua: jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi. Mwaka uliofuata nikawaacha mabinti wapandwe na baba yao. Mayai mengi hayakutotolewa, na vifaranga waliotoka walikuwa dhaifu, wengine wamepinda vidole. Nilikuwa nikiwalisha vizuri, nikifagia banda kila siku, lakini kosa lilikuwa limeshaingia kwenye damu. Ndiyo maana wazee hubadilishana majogoo, huyu ampeleke wake kijiji cha pili naye aletewe wa huko, na jogoo hazeeki mahali ambapo binti zake wameanza kutaga.

Kuna na suala la majirani. Jogoo hangoji jua limwamshe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba huwika kwa saa iliyomo mwilini mwake, hata akifungiwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba mwenye cheo cha juu kundini ndiye huanza, wengine wakimfuata kwa daraja zao. Kwenye nyumba zilizobanana, mwenye mtoto mchanga ukutani kwako aulizwe kabla, si baada. Mdogo wangu aliuliza. Jirani yake akamjibu kwamba amekua na sauti hiyo na anaikosa.

Basi akakaa bila jogoo miezi minane. Akawajua kuku wake mmoja mmoja: kishingo anayependa kutaga kwenye ndoo, yule mweusi mwoga, yule wa madoa anayewanyima wenzake maji. Wote akawapatia chanjo ya kideri, tone moja jichoni, na miezi mitatu ikitimia akarudia bila kukumbushwa. Kisha mweusi akaanza kulalia. Alijikunja kiotani amevimba manyoya, hali vizuri, hatoki. Siku 21 zikatimia, siku ambazo kifaranga huhitaji, zikapita, naye yuko pale juu ya mayai yasiyo na kitu. "Dada," mdogo wangu akaniambia, sauti imeshuka, "nimemwonea huruma." Nikajua sasa wakati umefika.

Sokoni sikumpeleka. Kuku wa sokoni wametoka mikoa mingi, wamelundikwa kwenye tenga moja, wamepumuliana safari nzima, na hapo ndipo kideri hupata gari la bure. Tulikwenda Mlandizi kwa mama mmoja anayefuga miaka mingi. Kuchi nilimkataza tangu njiani. Ni jogoo wa fahari, mrefu, shingo imesimama, lakini ni mgomvi, na nyumba ya mdogo wangu ina mtoto wa miaka mitatu.

Tulimwamkia shikamoo, akatuletea majogoo watatu. Nilimwonyesha mdogo wangu pa kupitisha mikono: kifua kiwe kipana na kimejaa; magamba ya miguu yawe yamelala, kwa kuwa yakiinuka kuna utitiri; pua kavu, manyoya ya nyuma safi, kilemba chekundu. Akainua bawa kutafuta chawa kama mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni. Wawili walikuwa sawasawa kwa kila kitu. Mimi ningemchukua mwekundu, kwa umbo lake.

"Ngojeni, wanangu," yule mama akasema. Akawaachia, akachota gao moja la mahindi, akayatupa uani.

Mwekundu aliinamisha kichwa akala. Wa pili, wa kijivujivu, mkia umechakaa kidogo, aliokota punje moja, akaidondosha, akaiokota tena, huku akitoa sauti ya chini ya harakaharaka, ko-ko-ko-ko. Mitetea wakaja mbio. Punje ile ikaliwa na tembe mdogo kuliko wote, naye jogoo amesimama pembeni, bawa moja limegusa chini, anazunguka. Hakumeza kitu mpaka wenzake walipotawanyika. Pakapita kivuli angani, sijui hata kama kilikuwa mwewe. Akatoa sauti nyingine, nyembamba, ndefu, na ua mzima ukawa mtupu, kuku wote wamejichimbia chini ya mikorosho. Yule mama akatuambia kwamba paka akija ana sauti yake nyingine, ya kukatakata, na mitetea husimama kutazama badala ya kukimbia.

Miaka yote nimepima majogoo kwa macho na vidole, nikiamini huo ndio ufundi wenyewe. Mama huyu alipima kwa gao la mahindi na subira. Kifua kipana kitampa kifaranga kifua, ni kweli, lakini mitetea watakaa na huyu dume kila siku ya maisha yao, na alichokitafuta yeye ni kujua watakaa naye vipi. Naliona hilo ni jambo kubwa, na nalisema kwa heshima: wapo watu wenye elimu ya namna hii ambao hakuna aliyewahi kuwaita mafundi.

Jogoo wa kijivu akapandishwa bodaboda, miguu imefungwa kwa kitambaa laini. Wiki tatu alikaa peke yake kwenye kizimba nyuma ya nyumba, akachanjwa, akachunguzwa kinyesi kila asubuhi, na mitetea wakimsikia tu. Ndipo akaachiwa.

Siku ya kumi mdogo wangu alichukua yai moja, akalivunja taratibu kwenye bakuli jeupe, akawasha tochi ya simu, nami nikimwelekeza kwa mbali. Juu ya kiini cha yai lisilo na mbegu kuna kidoa cheupe kisicho na umbo. Kwenye lenye mbegu, kidoa hicho kina duara, kama pete ndogo iliyochorwa kwa uangalifu.

Alikaa kimya muda mrefu.

"Lina pete, dada."

Asubuhi ile watoto walikunywa chai kwa mkate mtupu. Mayai sita yaliyobaki aliyaandika tarehe kwa penseli, akayapanga ndani ya bakuli la mchanga kwenye kona yenye ubaridi, ncha nyembamba chini, kisha akaenda kumtazama kuku mweusi kama amerudi kiotani.